Walisema Dawa ya Maji Inatoa Mimba

Mtu aliyefundisha watoto Kurani karibu umri wake wote hana budi kuwa na subira. Mtoto anakosea herufi ile ile leo, kesho na keshokutwa, nawe unairudia naye bila kupandisha sauti. Namshukuru Mungu kwa subira hiyo. Ilinivusha vita, ilinivusha njaa, ilinivusha mazishi mengi. Lakini iko hasira moja ambayo subira yangu haijaimaliza, na sasa nikiwa mzee sioni haya kuiandika. Ni hasira juu ya watu wanaosema jambo la afya kana kwamba wameliona, kumbe wamelisikia tu, na aliyewaambia naye amelisikia.

Miaka ile ya vita mji wetu wa Rumonge ulijaa. Watu walishuka kutoka milimani na magodoro kichwani, wakakaa pembezoni mwa mji chini ya mashitingi, yale maturubai ya plastiki, karibu na ziwa. Choo kilikuwa kimoja kwa familia nyingi, na mvua ikinyesha kila kitu kiliteremka ziwani. Na ziwani ndiko tulikochota maji, ndiko tulikofulia, ndiko tulikooga. Bomba la mji lilikuwa limekatwa huko juu, na hakuna fundi aliyekubali kwenda kulitengeneza kwa sababu huko juu kulikuwa na bunduki. Kuchemsha maji? Kuni nazo zilikuwa huko huko juu. Basi kipindupindu kikaja. Tulikuwa tunakijua tangu zamani, kilikuwa kikija na kuondoka. Safari hii kilikaa.

Watu wa msaada wakaleta tangi kubwa la mpira, wakaliweka si mbali na soko. Mashine ilivuta maji ziwani, yakatiwa dawa, yakatoka kwenye mabomba madogo, nasi tukapanga bidoni zetu, madumu ya plastiki. Yalinuka kidogo kama shuka iliyofuliwa kwa javeli, dawa ya kung'arishia nguo. Hilo tu. Mimi niliyanywa siku ya kwanza, nikasema alhamdulillahi, nikawanywesha na watoto wa madrasa.

Lakini maneno yalikuwa yameshafika kabla ya bidoni ya kwanza kujaa.

Kwanza walisema dawa ile inaua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Walisema inateremka ziwani na kuwafukuza samaki, ndiyo maana mchanga wa pwani, ambao zamani ulimetameta kwa ndagala waliotandazwa juani, sasa ulikuwa mtupu. Niliwasikia wavuvi wenyewe wakisema hivyo, watu ambao tangu utotoni walivua ndagala kwa taa gizani, na ambao walijua kama ninavyojua mimi kwamba jeshi lilikuwa limekataza mitumbwi kuingia ziwani usiku. Hakuna taa, hakuna ndagala. Mtoto mdogo angeweza kukwambia. Lakini nani angesimama sokoni aseme askari ndio waliotunyima samaki? Dawa ya maji haikuwa na bunduki, basi dawa ya maji ikabeba lawama. Nimefikiri sana juu ya hilo tangu siku zile. Mengi tunayoyasema kwa uhakika juu ya sumu na maradhi yana sura hiyo: tunamlaumu asiyeweza kutupiga.

Kisha maneno yakaingia msikitini. Baada ya alasiri tulikuwa tumekaa barazani tukinywa chai, na mzee mwenzangu, aliyesoma fikihi ng'ambo ya ziwa na anayejua vitabu vyake, akasema, "Maji yakibadilika harufu hayafai kwa udhu. Jambo hilo liko kwenye kitabu, wala si langu."

"Liko," nikamjibu. "Na yale ya pale wanapoanika ndagala, unapotawadha tangu utoto, yananuka nini? Waridi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Ile ni harufu ya ziwa lenyewe."

"Na hii ni harufu ya kuyalinda. Badiliko dogo wanavyuoni wamelisamehe, nawe unajua. Halafu sikiliza, mzee mwenzangu: hata kama yangekuwa hayafai udhu, nani kakwambia hayafai kunywewa? Hiyo chai mkononi mwako nayo haifai udhu."

"Chai haikuletwa na watu wenye gari jeupe."

"Ililetwa na nani? Ilishuka na Jibrili?"

Wakacheka tena, na kucheka kule kulinidanganya. Nilidhani jambo limekwisha. Lakini wale wale waliocheka walikwenda nyumbani wakawaambia wake zao kwamba yule mzee, msomi, amesema maji ya tangi yana kasoro katika dini. Nililosema mimi halikuvuka kizingiti cha msikiti.

Wala si watu wetu peke yao. Nitakuwa dhalimu nikiwasema wao nikawaacha wengine. Alikuja kijana mmoja wa hao wa msaada, ana fulana yenye alama na bomba la kukuzia sauti, akazunguka mitaani akitangaza kwamba ugonjwa umo katika ndagala na mtu asile ndagala kabisa. Wanawake waliokuwa wamehifadhi visalfeti vyao vya ndagala wakavimwaga. Watoto wao wakala muhogo mtupu. Baada ya siku kadhaa akarudi na bomba lile lile, sauti ile ile, akatangaza kwamba ndagala wakipikwa vizuri hawana neno. Hakusema "nilikosea." Hakusema "samahani, akina mama." Nani angemwamini siku ya tatu, hata alipokuwa anasema kweli juu ya dawa ya maji?

Nilikuwa na binti, mtoto wangu wa mwisho, ameolewa na kijana mchapakazi aliyekuwa akibeba mawese kwa baiskeli kutoka Minago kuja Rumonge. Mnaijua kazi ile: bidoni za mafuta zimefungwa kwa mpira nyuma na ubavuni, baiskeli inalia kama mgonjwa, na mwenyewe anaisukuma kila penye kilima. Walikaa miaka bila mtoto. Walikwenda kwa waganga, walikwenda kwa manesi, mimi nilisoma dua mpaka sauti ikakauka. Kisha Mungu akajalia. Vita vilipokuwa vikali kabisa, tumbo la binti yangu lilikuwa kubwa, na mkwe wangu akawa anatembea kama mtu aliyebeba yai mkononi.

Siku moja nilikwenda kwao nikaikuta bidoni ya maji ambayo haikunuka dawa.

"Haya ya wapi?" nikamuuliza binti.

"Ya mbali, baba. Mvuvi mmoja, rafiki wa mume wangu, anatuchotea katikati ya ziwa, mchana. Anasema huko hakuna uchafu, ziwa linajisafisha lenyewe."

Nilikwenda pwani nikamngoja huyo mvuvi. Alipofika, mtumbwi wake ulikuwa unavuja, na bidoni ya maji ya mbali ilikuwa imelala ndani ya yale maji ya miguu yake. Nikamuuliza amechota kwa kitu gani. Akanionyesha kopo. Lilikuwa lile lile analotolea maji mtumbwini. Aliniambia bila kuona tatizo lolote, akalisuuza hapo hapo ufukoni, hatua chache kutoka mahali watoto wa kambini walipokuwa wamechuchumaa.

Ziwa letu ni kubwa, na sijui linafanya nini huko kilindini. Hilo nawaachia wanaolipima. Ninachojua ni kwamba maji yale hayakufika kwa binti yangu kutoka kilindini. Yalifika kutoka kwenye kopo.

Jioni nilikaa na mkwe wangu. Alinipa kiti akakaa chini, kama anavyofanya siku zote, kwa sababu ni kijana mwenye adabu.

"Baba mukwe," alisema, "najua kilichokuleta. Usikasirike. Ile dawa inatoa mimba."

"Nani kasema?"

"Bantu wanasema."

"Watu gani?"

"Bote. Huku pwani yote, mupaka Minago. Iko muke moja alikunywa, mimba ikatoka. Miye sitaki ugomvi na weye. Lakini huyu mutoto tumemungoja sana."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Baba, ukinipa maji ya tangi naye amekataza, na Mungu asijalie, likatokea la kutokea, atanitazama vipi? Mshawishi yeye. Akisema ndiyo, nitakunywa leo leo."

"Umesikia," nikamwambia mkwe wangu.

Akafikiri. Kisha akasema neno la haki, na siwezi kumnyima haki hiyo hata leo. "Nitafutie huyo muke. Akisema si dawa, miye mwenyewe nitabeba bidoni kwenye foleni, na bantu banicheke."

Katika masomo yetu ya dini tulifundishwa kwamba habari haiwi habari mpaka ujue imepita vinywani mwa nani. Fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa aliyeshuhudia. Mmoja akikosekana katikati, au akijulikana kwa kusahau, habari inadhoofika, hata ikiwa tamu namna gani. Watu walisafiri miezi jangwani kwa ajili ya kuhakiki sentensi moja. Nasi, waumini wa dini hiyo hiyo, tulikuwa tunaamini juu ya matumbo ya wake zetu jambo ambalo hakuna aliyelivukia hata barabara. Nikasema, basi mimi nitalivukia.

Mkwe wangu alikuwa amelisikia kwa mama mmoja anayeanika ndagala, jirani wa soko. Nikaanza kwake.

"Mwalimu, karibu! Leo unatafuta ndagala ama unatafuta muke wa pili?"

"Natafuta aliyekwambia kwamba dawa ya maji inatoa mimba."

Akaangua kicheko. "Ehe! Na weye uko na mimba?"

Nikamweleza habari ya binti yangu. Akaacha kucheka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Alisema amelisikia kwa mtu wa Minago mwenye kinu cha kukamulia mawese, yule anayemletea mafuta ya kukaangia. Mtu huyo alimfahamu mwanamke mwenyewe. "Yeye aliona na macho yake," akasema. "Miye ningesema uongo kwa nini?"

Barabara ya Minago ilikuwa inafunguliwa asubuhi, askari wakishamaliza kuipitia, na inafungwa mapema. Nilipanda nyuma ya baiskeli ya mwenzake mkwe wangu, maana mkwe wangu mwenyewe nilimtaka abaki na mkewe. Kwenye bariyeri askari mmoja aliniuliza naenda wapi nikiwa na umri ule. Nikamwambia naenda kuulizia habari ya maji. Akanitazama kama mwendawazimu, akanipitisha.

Mwenye kinu nilimkuta amepakwa mafuta mpaka kwenye viwiko, anageuza mti wa kinu pamoja na mwanawe mkubwa, mawese yanachuruzika mekundu ndani ya pipa. Alikuwa mtu mcheshi, aliyependa kuulizwa. Aliniletea kigoda.

"Ni kweli kabisa, mzee. Huyo muke yuko hapa kambini, alishuka kutoka Bugarama. Mimba yake ilitoka. Miye ndiye nilimuazima bwana wake jembe la kuzika."

"Ulimwona?"

"Nilimuona bwana wake, jembe mukononi. Muke wake nilimuona amelala."

"Na alikwambia ni dawa ya maji?"

"Kusema, hakusema."

"Mume wake alisema?"

"Yule? Yule hasemi na mutu."

"Basi wewe umejuaje?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mzee, hesabu mwenyewe. Tangi ya hapa kwetu Minago ilikuja wiki ile ile."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, mtu aliyenikaribisha kwake. Kuanzia kwenye jembe lile, pwani nzima mpaka kwa binti yangu, wake zetu walikuwa wanakunywa maji ya kopo, kwa sababu mtu mmoja alipiga hesabu kichwani huku akigeuza kinu. Na hakuwa mwovu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Aliongeza akisema kwamba yeye familia yake haipati ugonjwa kwa kuwa kila asubuhi wanakunywa kijiko cha mawese mabichi, ambayo hufunga tumbo na kuua kila sumu. Nikamuuliza hilo nalo nani kamwambia. "Hilo linajulikana," akasema.

Kambi ilikuwa nyuma ya shule, shitingi baada ya shitingi. Nilimpata yule mwanamke kwa kuuliza kwa upole, kwa Kirundi, nikiwasalimu akina mama kwa amahoro kila mlango. Alikuwa kijana kuliko nilivyomfikiria. Alikuwa anatwanga majani ya muhogo, na aliendelea kutwanga nilipokuwa najieleza. Nilimwambia kwamba mimi ni mwalimu wa dini, ingawa si ya kwake, kwamba nina binti mjamzito, na kwamba namwomba radhi kwa nitakalomuuliza.

Akaacha kutwanga.

Alisema usiku waliposhambuliwa alikimbia na watu wa mlima wake, akaanguka kwenye korongo, akainuka akakimbia tena. Walilala porini kwenye mvua. Alianza kutokwa damu kabla hawajaona ziwa. Alipofika Minago mtoto alikuwa ameshaacha kucheza tumboni.

"Na tangi?" nikamuuliza.

"Tangi lilikuja tumeshazika. Hata tone la maji yale nilikuwa sijalionja."

"Unajua wanalolisema?"

"Najua. Wanawake wananyamaza nikifika bombani. Wananionyesha kwa mabinti zao, wanasema, yule pale. Hakuna aliyeniuliza, mzee. Wewe ndiye wa kwanza." Kisha sauti yake ikabadilika, nikaona kwamba hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu na ya haki kuliko yangu. "Waliotufukuza na mapanga wana majina. Mlima mzima unawajua. Mtoto wangu wamemuua wao. Sasa hapa nasikia ameuawa na bidoni, na wale wamesafika kabisa, hawamo hata katika maneno."

Nilimuomba ruhusa ya kulirudisha neno lake Rumonge. Akanipa. Aliniambia na jambo jingine juu ya yule mtoto, akaniomba libaki kwangu, na limebaki.

Nilitoka pale nina furaha, nasema kweli. Nilikuwa nimelipata shina, na shina lilikuwa tupu. Nilijiona namkuta mkwe wangu, nampangia habari yote kinywa kwa kinywa, naye anachukua bidoni. Lakini mchana ule risasi zilisikika kando ya barabara kusini ya Minago, na barabara ikafungwa. Ikafungwa na kesho yake. Nililala katika msikiti wa Minago, nikala kwa waumini wa pale, nikaomba dua, nikasubiri. Niliposikia imefunguliwa nilikuwa wa kwanza kwenye bariyeri.

Nyumba ya binti yangu niliikuta wazi. Godoro lilikuwa nje limelowa. Jirani akaniambia kabla sijauliza: alianza kuharisha jana asubuhi, maji meupe kama ya mchele, na kutapika. Mumewe alimpa kijiko cha mawese. Akampa cha pili. Alipoona macho yake yameingia ndani alimfunga mgongoni mwa baiskeli, pale palipokuwa pakikaa bidoni za mafuta, akaisukuma akikimbia mpaka kwenye hema la wagonjwa.

Nilimkuta hai. Alhamdulillahi, nalisema mpaka leo kila ninapoiona sura yake. Alikuwa amelala kwenye kile kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini, serumu zinaingia mikononi kwa sindano, midomo imepasuka. Mkwe wangu alikuwa amechuchumaa kando ya turubai la hema. Nesi, mwanamke mnene aliyechoka, alinivuta pembeni.

"Mama atapona, mzee. Amefika kwa wakati, kwa upande wake."

"Na mtoto?"

"Kwa mtoto amechelewa. Mama akikauka maji kiasi kile, mtoto hapati kitu. Moyo haukusikika tangu walipofika."

Alimzaa siku iliyofuata, ametimia viungo vyote. Tulimwosha, tukamvika sanda, tukamzika. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Mkwe wangu aliniuliza tukiwa njiani kutoka makaburini. "Ulimupata yule muke?"

"Nilimpata."

"Alisema nini?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia polepole, kwa sababu kila neno lilikuwa linamwingia kama msumari, na sikupenda kuyasema, lakini aliuliza na alikuwa na haki ya kujibiwa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alimpenda mkewe na mtoto wake kwa ujuzi aliopewa, na ujuzi aliopewa ulikuwa takataka.

Binti yangu aliporudi nyumbani, wanawake wa mtaa walikuja kumpa pole, kama ilivyo ada yetu. Walikaa mkekani, wakaleta unga na sukari, wakalia naye, na nawashukuru kwa hilo. Mimi nilikuwa ukumbini nikisoma. Yule mama wa ndagala alikuwepo. Nikamsikia akisema, kwa huruma ya kweli kabisa, "Pole mwanangu. Ile dawa yao haina roho."

"Dawa gani?" binti yangu akauliza.

"Ya tangi."

"Sijawahi kuionja."

"Basi, mwanangu, pumzika."

"Mama, nisikilize. Sijawahi kuionja. Nimekunywa maji ya mbali miezi hii yote, kwa sababu ya mdomo wako na midomo kama yako. Baba yangu alikuja kwako akakuuliza. Ulimcheka."

Kisha mmoja akanong'ona, lakini nilimsikia, "Homa bado imemkamata, maskini." Mwingine akaitikia, "Na pale hemani wanawachoma sindano za kusahau."

Mkwe wangu akatoka chumbani. Mwanaume haingii kwenye mkeka wa pole wa wanawake, lakini alisimama mlangoni, viatu mkononi. "Anasema kweli," akawaambia. "Miye ndiye nilikataza. Yeye alitaka."

Wawili watatu walimwamini. Niliwaona baadaye kwenye foleni ya tangi, na mmoja wao alikuwa na mimba. Naye alijifungua salama, Mungu ashukuriwe. Yule mama wa ndagala alijitanda kitenge chake akaondoka bila kuaga, na siku nyingi hatukusalimiana.

Baada ya arubaini mkwe wangu alirudi kwenye kazi yake, maana watu lazima wale. Alikwenda Minago asubuhi na baiskeli tupu. Mimi nilikuwa kwao aliporudi alasiri. Baiskeli ilikuwa tupu vilevile, mdomo wake umepasuka, na kola ya shati imechanika. Binti yangu alimkalisha kwenye ngazi, akachota maji ya tangi kwenye bakuli, akaanza kumfuta damu.

"Nani kakupiga?" nikamuuliza.

"Mutu moja pale kwenye kinu. Tulikuwa tunapakia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaeleza bantu namna mujukuu wa mwalimu wa Rumonge alikufa tumboni, mama yake alipokunywa dawa. Nikamwambia si hivyo. Akasema ni hivyo. Nikamwambia miye ndiye baba ya ule mutoto." Akatema damu pembeni. "Akasema, baba ya ule mutoto ninamujua, si weye."

Binti yangu alisuuza kitambaa, akakikamua, akaendelea. Mimi nilisimama nikatoka nje mpaka nyuma ya nyumba, kwa sababu yaliyokuwa yananitoka kinywani sikutaka wayasikie.